Wageni Wanne Waliogeuka Sitini

JUMAMOSI moja, mnamo saa 7 za usiku, shangazi yangu alisimama mbele ya lango la nyumba yake mwenyewe huko Tudor, Mombasa, amejitanda buibui juu ya nguo za kulalia. Kijana asiyemjua alimzuia kwa mkono. Lakini kijana wa Pwani hata akiwa katikati ya fujo hasahau adabu, na huyu naye alianza kwa maamkizi.

"Shikamoo, mama. Kiingilio ni shilingi 500. Wanawake ni 300."

"Marahaba, mwanangu," shangazi akamjibu. "Mimi nimekuja kwangu."

Kijana hakufahamu. Akamwonyesha karatasi iliyobandikwa ukutani, yenye namba ya kulipia kwa M-Pesa.

Nyumba hiyo aliijenga marehemu mumewe, aliyefanya kazi bandarini miaka mingi na kuweka matofali kidogo kidogo kila apatapo. Ina vyumba vitatu, ua wenye mwembe, na baraza ya saruji mbele. Tangu alipofiwa, shangazi huishi kwa binti yake Kibokoni, na nyumba hupangishwa kwa siku mbili, tatu au juma zima kwa watu wanaokuja Mombasa kupunga upepo. Mjukuu wake ndiye aliyeitia katika programu za simu. Watu wetu huziita nyumba za namna hii zote "Airbnb", hata zile zisizo na uhusiano wowote na kampuni hiyo, kama vile zamani kila sabuni ya unga ilivyokuwa ikiitwa Omo. Fedha zinazopatikana humo ndizo karo ya wajukuu wawili, ndizo dawa za presha za shangazi, na ndizo rangi ya kuta, kwa kuwa hewa ya chumvi haina huruma na nyumba ya mtu.

Aliyeichukua nyumba Jumamosi ile alijiandikisha adhuhuri ya siku hiyo hiyo: mume, mke na watoto wawili, usiku mmoja tu. Alilipa bila ya kuuliza kupunguziwa, jambo ambalo peke yake lingetosha kumshtua mtu yeyote aliyezaliwa Mombasa! Akatumiwa namba za kufungulia kisanduku kidogo kilichopigiliwa misumari kando ya lango, ambamo mlikuwa na ufunguo. Hakuna mtu wa kwetu aliyemwona uso. Kufikia saa 4 za usiku mlikuwa na watu wapatao sitini ndani ya ua, dijei na spika mbili kubwa mfano wa makabati, makreti ya bia, na moshi wa shisha uliovuka ukuta hadi kwa jirani aliyekuwa akimuuguza babaye.

Polisi walikuja saa 8 za usiku, baada ya jirani kupiga simu mara kadhaa. Vijana wakatawanyika. Aliyejiandikisha hakuonekana, na simu yake haikupatikana tena. Asubuhi tuliingia tukakuta mlango wa choo umeng'oka, kochi limetobolewa na makaa ya shisha, na bilauri zote zimevunjika. Hayo ni ya kununua, na mwenye duka hachoki kuuza. Lililomfanya shangazi aketi chini asiseme neno ni msala wa marehemu. Alikuwa ameuacha umekunjwa juu ya kabati. Tuliukuta umetandikwa chini ya spika moja, ili isiteleze juu ya sakafu.

Siku ile ile baada ya sala ya adhuhuri, wazee watatu wa mtaa walikuja na barua iliyotiwa sahihi na nyumba kumi na moja. Walimpa pole kwanza. Kisha wakamsomea: wanamwomba, kwa heshima ya ujirani wa miaka zaidi ya thelathini, aache kupangisha nyumba kwa watu wasiojulikana, na kama hawezi, basi watakwenda kwa chifu.

Nimeanza na kisa hiki cha jamaa yangu kwa sababu ndicho nikijuacho kwa kila upande. Lakini msomaji wa Nyali, Bamburi, Shanzu, Mtwapa, Malindi au Diani hana haja ya kuhadithiwa. Aghalabu amekwisha kukesha usiku mmoja au zaidi kwa ajili ya nyumba ya jirani ambayo mwenyewe yuko Dubai au London, na ndani yake mna karamu isiyo na mwenyewe.

Ufundi wa karamu hizi

Usidhani kwamba hizi ni sherehe za vijana waliopitiwa na furaha tu. Zipo za namna hiyo, na mimi mwenyewe katika ujana wangu sikuwa malaika. Lakini nyingi ya hizi za siku hizi ni biashara. Muandalizi hutengeneza tangazo lenye picha na bei, akalisambaza kwa WhatsApp. Mahali hapatajwi. Aliyelipa hutumiwa ramani jioni ile ile, ili mwenye nyumba na majirani wasipate habari mapema. Nyumba hukodiwa kwa jina la mtu mwingine, mara nyingi msichana mpole mwenye sauti ya upole, kwa hesabu ya watu wanne. Kodi ya usiku mmoja ni shilingi elfu chache, ilhali kiingilio cha watu sitini kwa 500 ni shilingi 30,000, mbali na pombe. Ukumbi wa halali ungemdai zaidi, ungemdai leseni, na ungezima taa saa zikifika. Kwa Sheria ya Kudhibiti Vileo ya mwaka 2010, kuuza pombe bila ya leseni ni kosa. Muandalizi huyajua hayo, na ndiyo sababu hakwenda ukumbini.

Basi ndugu yangu, ukitaka kuzuia karamu, usianze kwa kufikiria spika. Fikiria lango. Karamu ya haramu haivunji mlango, bali hupewa ufunguo. Na swali ambalo kila mwenye nyumba yapasa ajiulize ni hili: aliyempa ufunguo alimwona?

Mlango wa kale ulivyokuwa

Wazee wetu walijenga nyumba kwa kulifikiri sana jambo hili. Nenda Lamu, katika mji wa kale ambao Umoja wa Mataifa, kupitia UNESCO, uliuandikisha kuwa urithi wa dunia mwaka 2001, ukaitazame nyumba ya mawe. Mbele ya mlango wa mbao mna daka, ukumbi mdogo wenye viti vya mawe pande mbili. Mgeni hupiga hodi, akapokewa hapo, akaketi, akaulizwa hali, akanyweshwa kahawa. Watu wengi walimaliza haja zao hapo hapo dakani wakaenda zao. Aliyepita daka hakuiona nyumba moja kwa moja, kwa kuwa njia ya kuingilia hupinda, ili jicho la njiani lisifike kiwandani, sembuse ndani kwenyewe. Na mgeni wa kulala alikuwa na sabule yake, chumba kilichotengwa, ambamo alikaa kwa raha na heshima bila ya kuwa katikati ya watu wa nyumbani.

Kwa hivyo usinambie kwamba mwenye kuchuja wageni ni bahili au amekosa ukarimu. Hakuna watu waliosifika kwa ukarimu kama watu wa Pwani, na ndio hao hao waliojenga nyumba yenye vizuizi vitatu kabla ya mgeni kufika ndani. Dini nayo imeyaweka mambo haya pamoja. Katika Suratun Nur, aya ya 27, tumekatazwa kuingia nyumba zisizo zetu mpaka tuombe idhini na kuwatolea salamu wenyewe. Na katika hadithi mashuhuri ya Mtume, rehema na amani zimshukie, iliyopokewa na Bukhari na Muslim, kumkirimu mgeni na kutomuudhi jirani yametajwa mahali pamoja. Shangazi hakuhitaji mtu wa kumfafanulia. Alisema tu kwamba usiku ule yeye alimkirimu mgeni asiyemjua kwa mali ya jirani zake, yaani usingizi wao.

Hata utalii ulipoingia Lamu, na nyumba zikaanza kukodishwa kwa Wazungu, desturi iliyozoeleka ni kwamba nyumba huenda pamoja na mtunza nyumba na mpishi. Mgeni hulala, lakini nyumba ina mtu wake. Ni vigumu kualika watu sitini mahali ambapo kila asubuhi mpishi anakuuliza mtakuwa watu wangapi ili ajue samaki wa kununua.

Kile kisanduku cha ufunguo ndicho kilichoiondoa daka. Kisanduku hakina macho, hakijui kwamba aliyesema ana mke na watoto wawili amefika na gari lililosheheni spika.

Yaliyotokea California

Wapo watakaosema kwamba dawa ni kamera. Napenda nikuhadithie habari ya Orinda, mji mdogo katika jimbo la California, Marekani, kwa sababu dunia nzima ya nyumba hizi ilibadilika kwa ajili yake.

Mwezi wa Oktoba mwaka 2019 mwanamke mmoja alikodi nyumba huko kwa usiku mmoja kupitia Airbnb. Kwa mujibu wa maelezo yaliyotolewa baadaye, alimwambia mwenye nyumba kwamba jamaa zake wapatao kumi na wawili wana pumu na wanakimbia moshi wa moto wa mwituni. Nani angemkatalia? Usiku wa tarehe 31, ambao Wamarekani huusherehekea kwa kuvaa maski, watu zaidi ya mia moja walijaa katika nyumba ile baada ya karamu kutangazwa mitandaoni. Majirani walimpigia simu mwenye nyumba. Yeye alikuwa na kamera katika kengele ya mlangoni, akaona kwa macho yake kwamba watu ni wengi kuliko anavyoambiwa, akaita polisi. Walipokuwa njiani, risasi zikalia. Watu watano walikufa.

Kamera iliona, lakini kuona kutoka mbali si sawa na kuwapo.

Siku chache baada ya msiba huo, mkuu wa Airbnb, Brian Chesky, alitangaza kwamba kampuni yake, iliyoanzishwa San Francisco mwaka 2008, itapiga marufuku nyumba zilizogeuzwa za karamu. Mwezi wa Agosti mwaka 2020, wakati wa korona, marufuku ikaenea kwa karamu zote katika nyumba zake duniani, na mwezi wa Juni mwaka 2022 ikafanywa ya kudumu. Kabla ya hapo kampuni ilikuwa imekwisha kuwazuia vijana wa chini ya miaka 25 wa Marekani na Kanada, wasio na sifa nzuri tatu kutoka kwa wenye nyumba wa awali, wasiweze kukodi nyumba nzima karibu na wanakoishi.

Neno "karibu na wanakoishi" ndilo la kulizingatia. Mtu wa Nairobi au wa Mwanza akija Mombasa anahitaji mahali pa kulala. Lakini mtu wa Mombasa anayekodi nyumba Mombasa kwa usiku mmoja, Jumamosi, na kuichukua siku ile ile, anahitaji nini? Huenda ana sababu njema, kama vile kuvunjika kwa bomba nyumbani kwake au wageni waliomjaa. Hata hivyo yafaa aulizwe. Kampuni hiyo ilitengeneza mtambo wa kuzipima dalili kama hizo: umbali wa mkodi na kwake, idadi ya usiku, haraka ya kukodi, historia yake. Ulijaribiwa Australia kuanzia Oktoba 2021, na kampuni ikasema kwamba karamu zisizoruhusiwa zilipungua kwa asilimia 35 mahali ulikotumika. Mwaka 2022 ukapelekwa Marekani na Kanada.

Nimezitazama dalili zile moja baada ya nyingine nikatabasamu, maana ni yale yale maswali ya dakani. Watoka wapi? Wewe ni wa nani? Utakaa siku ngapi? Mbona ghafla? Mzee wa Kilamu alikuwa akiyauliza yote kabla kahawa haijapoa, wala hakuhitaji mtambo.

Lakini mtambo huo hauwafai wenye nyumba wengi wa kwetu. Nyumba nyingi za Pwani hukodishwa kwa dalali, kwa WhatsApp, au kwa rafiki ya rafiki. Hapo hapana kampuni ya kumchuja mtu, ni wewe na akili yako.

Baraza ya jamaa

Turudi Tudor. Shangazi aliwaomba wazee wale miezi mitatu, wakampa. Jioni jamaa tukakaa. Binti yake akasema nyumba ifungwe, aibu imetosha. Mjukuu akasema karo haitalipwa kwa aibu wala kwa fahari. Ni shangazi aliyeimaliza hoja. Alisema nyumba haitafungwa, ila kisanduku kile king'olewe, naye atapokea wageni mwenyewe maadamu miguu yamchukua.

Na ndivyo ilivyokuwa. Mgeni akifika, humkuta shangazi au mjukuu barazani pana kahawa na tende. Hukaribishwa. Mazungumzo ni dakika kumi, na katika dakika hizo hujulikana mengi. Masharti husomwa kwa sauti, kwa sababu karatasi iliyobandikwa nyuma ya mlango hakuna aisomaye: watu wasizidi sita, muziki usisikike nje baada ya saa 4, pombe hapana, na asiyeandikwa halali hapa. Vitambulisho hutazamwa na namba kuandikwa katika daftari, ambalo hufungiwa kabatini, maana kwa Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019 aliyechukua habari za watu ana wajibu wa kuzilinda, si kuziacha juu ya meza ya bawabu. Kisha watu huhesabiwa. Shangazi huwahesabu kwa kumwaga kahawa: kila mtu na kikombe chake.

Mwishoni mwa juma nyumba haitolewi kwa chini ya usiku mbili, na siku za Idi, Krismasi na mwaka mpya kwa chini ya usiku tatu, kwa kuwa muandalizi wa karamu hataki kulipia siku ambayo hana haja nayo. Tena mgeni huweka amana ya shilingi 10,000, ambayo hurudishwa siku anayotoka, baada ya nyumba kutazamwa. Mjukuu alihofu kwamba amana itawafukuza watu. Iliwafukuza wengine, naam. Mmoja aliposikia tu kwamba atapokewa na mama mwenye nyumba, alikata simu.

Juu ya bawabu nilikuwa na neno zaidi. Usiku ule wa karamu palikuwa na bawabu! Alipewa shilingi 2,000 afungue lango la magari na asahau. Wengi walitaka afukuzwe. Mimi niliuliza analipwa kiasi gani, na nilipotajiwa, nikaona haya kwa niaba ya jamaa yangu. Mtu umpaye mshahara usiotosha unga na mafuta ya taa, ukamwachia mali ya mamilioni, umekwisha kumwuza kabla mwingine hajamnunua. Sasa ameongezwa mshahara, na kila mwezi upitao bila ya matata hupata chochote juu yake. Anayo namba ya simu ya shangazi, na shangazi huipokea simu yake.

Vyombo pia vipo, sikatai. Mkwe wake alileta kutoka Dubai kidude cha kupima makelele, kinachoning'inizwa sebuleni. Hakirekodi maneno ya mtu. Hupima ukubwa wa sauti tu, na ukizidi kiasi kwa muda, simu ya mjukuu hulia. Kanuni za mwaka 2009 za kuzuia makelele, zilizotolewa chini ya sheria ya mazingira, zimeweka mpaka wa desibeli 35 usiku katika mitaa ya watu kuishi, kuanzia saa 2 za usiku hadi saa 12 za asubuhi. Kiasi hicho hakizidi sana mnong'ono, na kwa kweli hata mabishano yetu ya kawaida ya barazani yanakipita! Hata hivyo ni vizuri mwenye nyumba na mgeni wajue kwamba sheria ipo, na kwamba jirani analalamika kwa haki. Kamera iko moja, inatazama lango, na mgeni huambiwa. Ndani haimo na haitakuwamo. Airbnb wenyewe wamezikataza kamera za ndani tangu tarehe 30 Aprili 2024, ingawa kwetu katazo la kupelelezana ni la zamani zaidi.

Lililofaa kuliko vyote halikugharimu kitu. Shangazi alipita kwa nyumba zile kumi na moja, moja moja, akaomba radhi, na kuacha namba mbili za simu, akasema wakisikia jambo wasingoje alfajiri. Jirani ndiye bawabu wa kwanza. Mwenye nyumba aliyeko ng'ambo ambaye majirani hawana namba yake, huyo hana nyumba, ana kuta.

Sitaki kuficha hasara. Mwezi wa kwanza nyumba ililala tupu Jumamosi tatu, na dawa za presha zilinunuliwa kwa mkopo. Kazi ya kupokea wageni nayo humchosha. Na yuko mgeni aliyekasirika kuulizwa kitambulisho, akidai kwamba hotelini hakuulizwa maswali mengi hivyo. Aliulizwa, ila alisahau. Serikali nayo, baada ya wanawake kuuawa katika vyumba vya namna hii Nairobi mwezi wa Januari 2024, iliwahimiza wenye nyumba wajisajili kwa mamlaka ya utalii. Msiba ule ulikuwa wa namna nyingine kabisa, na mkubwa kuliko kochi la mtu, lakini chanzo cha wasiwasi ni kimoja: mtu aliyeingia pasipo mwenye nyumba kujua ni nani.

Na harusi je?

Hapa ndipo penye mushkili, na sisi watu wa Pwani hatuwezi kujifanya hatuuoni. Sisi wenyewe ni watu wa karamu. Kwa harusi twafunga njia, twapiga turubali, na tarumbeta hupita mtaa mzima. Tukisema kila mkusanyiko wa watu sitini ni uhalifu, tutakuwa tumejihukumu.

Katika mwezi wa tatu, huku muda wa wazee ukikaribia kwisha, jamaa moja ya Waislamu kutoka Nairobi ilikodi nyumba kwa siku sita. Walikuja kuoza binti yao kwa kijana wa Mombasa. Watu wastaarabu, walikunywa kahawa, wakahesabiwa, wakatimia sita. Siku ya Alhamisi asubuhi mama wa bibi harusi akamwendea shangazi Kibokoni. Ukumbi waliowekewa kwa usiku wa kupamba ulikuwa umepata hitilafu. Je, wanawake hamsini hivi wangeweza kukutana uani jioni ile?

Mjukuu akasema hapana, masharti ni masharti. Nami nilikuwa upande wake, nikiwaza juu ya barua ya majirani. Shangazi alinyamaza kidogo, kisha akasema: "Dada, nyumba ni yangu, lakini usiku si wangu. Vaa buibui twende."

Wakenda nyumba kwa nyumba, kama zamani ambapo mama wa kualika alizunguka mtaani siku chache kabla ya harusi kumpigia hodi kila mtu. Mgeni mwenyewe ndiye aliyeomba, na shangazi alisimama kando yake. Nyumba kumi ziliridhia. Ya kumi na moja ilikuwa ya yule jirani anayemuuguza babaye. Alisema mzee hulala mapema, na akishtuka hawezi tena kulala. Basi wakapatana kwamba taarabu itakoma saa 3, na spika itaelekezwa upande wa pili. Bawabu alipewa orodha ya majina. Jirani wengi walialikwa wakaja, pamoja na wake za wazee wawili kati ya wale watatu walioleta barua.

Saa 3 kasorobo muziki ulizimwa. Sahani ya pilau na ya biriani zilivuka ukuta kwa mgonjwa na mwanawe. Mjukuu aliketi na simu yake akingoja kidude kilie, nacho kililia mara mbili kabla ya saa 2, kwa vigelegele.

Jumapili jamaa ile iliondoka. Mama wa bibi harusi alimkabidhi shangazi ufunguo mkononi, pale pale barazani, wakaagana kwa kukumbatiana. Shangazi aliwapungia mpaka gari likapinda kona. Kisha akaingia jikoni, akafungua kabati, na kuanza kuhesabu bilauri mpya. Zilikuwa zimetimia zote kumi na mbili, na ya kumi na tatu ambayo hakuna aliyejua imetoka nyumba ya nani.